Siku Nilipochanganya Pamba Safi na Fifi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mjukuu wangu, ilinikuta uani kwetu Nkoma nikitenganisha pamba safi na fifi, ile yenye madoa. Mimi si mtu wa kutembea. Safari yangu ndefu ni jikoni mpaka kisimani. Ila nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na msichana wa kidato cha nne kijijini hujiona amekabidhiwa dunia airekebishe.

Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuingia, kila mmoja na mizani yake. Msimu mmoja nyuma, karani wao mmoja alikuja na pikipiki na miwani myeusi. Nikamwambia rafiki yangu Kabula, "Huyo ndiye wako."

Kabula akacheka. "Mbona Masanja ameshaleta posa?"

Masanja alikuwa jirani yetu, mlimaji wa jembe la ng'ombe, miguu haiishi udongo.

"Masanja ni fifi," nikasema. "Mkatae."

Akaniamini, maskini, kwa sababu ya kidato changu. Akamkataa. Karani naye, pamba ilipokwisha, akaondoka bila kuaga hata mbwa. Mchagua nazi huangukia koroma, husema watu wa pwani. Mimi mnazi wenyewe sijauona hadi leo.

Sasa asubuhi hiyo Masanja akaingia kwetu na mjomba wake. "Wangaluka, baba," akaamkia kwa Kisukuma. Alikuja kumwomba baba yangu awe msemaji wake, aipeleke posa kwa akina Kabula mara ya pili.

Mwanangu, niliogopa. Vidole vikawa baridi juani. Nikajiambia namwogopea Kabula. Kisha nikajiambia ni njaa. Ndipo nikakumbuka kwamba kila jioni Masanja anapopita na ng'ombe wake, mimi huwa nafagia. Miaka mitatu! Uwanja wetu ulikuwa safi kuliko wa kanisa.

Wageni walipoondoka, senge, yaani shangazi yangu aliyenilea, akachungulia mafungu yangu.

"Umechanganya."

Kweli, fifi ilikuwa imejaa kwenye safi.

"Mikono hiyo haijawahi kukosea. Umeogopa nini leo?"

"Hamna kitu, senge."

"Haya. Madoa ya pamba unayajua. Ya moyo wako je?"

Jioni Kabula akaja mbio. "Dada, nimkubali au nimkatae tena? Sema wewe."

Hapo hofu ya asubuhi ikawa mchezo. Neno moja tu, na angemkataa. Na neno lenyewe lilikuwa tayari ulimini, limevaa nguo za wema: mkatae, mwenzangu, kwa faida yako. Nilijiogopa kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya blanketi lake mwenyewe.

"Usiniulize mimi," nikasema. "Mimi si mtu wa kuulizwa habari za Masanja."

Akanikazia macho. Penzi ni kikohozi, halifichiki.

"Basi kwa nini uliniambia ni fifi?"

Hakungoja jibu. Akaenda, akamkubali. Siku ng'ombe wa mahari walipopita mbele ya kwetu, sikufagia.

Usinihurumie, babu yenu alikuja baadaye, naye ana udongo miguuni wa kutosha. Lakini sikia, mwanangu. Rafiki akikuuliza kuhusu mchumba wake, kabla hujafungua mdomo jiulize unaogopa nini. Na ukijikuta unamponda mtu kwa bidii, kila siku, bila kuchoka, chungulia vizuri: huenda unamfagilia uwanja.

Mungu akupe jicho la kuona doa lako kabla ya la mwenzako. Akutilie kigugumizi siku ulimi wako utakapotaka kudanganya. Na ng'ombe watakapokuja kwenu, waje na yule uliyekiri mapema kwamba unamtaka.