Nilisema Bahari ni Shwari

Mtu amekufa kwa sababu ya sauti yangu. Kosa ni langu, lote. Usinitafutie kisingizio, ndugu yangu, mimi mwenyewe nimekitafuta karibu mwaka mzima na sijakipata.

Ninaishi Shirere, hapa Kakamega, kwenye chumba kimoja katikati ya nyumba za wanafunzi. Bahari nimeiona kwa macho mara moja tu, tulipopelekwa na shule. Lakini kwa miaka miwili nilikula kwa bahari. Kila asubuhi ofisi moja ya huko Pwani ilinitumia ripoti ya Kiingereza kuhusu upepo na mawimbi. Mimi naigeuza Kiswahili, najirekodi, natuma kwenye kikundi cha mabaharia wa meli ndogo za mizigo zinazopanda kaskazini hadi Somalia. Watu wale wanafanya kazi mikono ikiwa na mafuta na kamba, kusikiliza ni rahisi kwao kuliko kusoma.

Siku moja mpishi wa meli moja akaniandikia pembeni. Nitamwita Barasa, jina lake nimelificha.

"Dada, wewe si wa Pwani. Umesema upepo mkari, si mkali. Wewe ni Mluhya wa wapi?"

Nilicheka mpaka dada yangu ninayeishi naye akauliza kuna nini! Nikamjibu ni wa Kakamega. Akasema kwao ni Butali, nyuma ya mashamba ya miwa, baba yake alikata miwa mpaka mgongo ukakataa. Yeye akaona afadhali maji.

Tangu siku hiyo akawa kama kaka. Ananiambia amewapikia wenzake obusuma, ugali wa kwetu, wakalalamika ni ngumu. Ananiuliza kama kwetu mvua imenyesha. Na kila wakitaka kutoka bandarini, hata kama rekodi yangu ameisikia, lazima aniulize tena: "Dada, sema ukweri, tutoke?" Nahodha wao, mzee wa Pwani, alimtaniaga kwamba ana mtabiri wake binafsi. Lakini na yeye alikuwa anangojea jibu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipopotelea.

Huku kwetu dhoruba inajitangaza. Saa nane mchana wingu jeusi linapanda juu ya msitu, radi, kisha mvua ya mawe. Unaona, unaanua nguo. Kule si hivyo. Kuanzia Disemba, upande wa kaskazini wa dunia ni majira ya baridi kali, na ile hewa nzito ya baridi inasukuma upepo mpaka kwenye maji yetu ya joto. Jua linawaka, anga ni ya buluu, hakuna hata wingu moja, na upepo unavuma wa kung'oa mabati. Mbaya zaidi, kuna mahali mkondo wa maji unapanda kaskazini na upepo unashuka kusini. Vikikutana, mawimbi yanakuwa mafupi, yamekaribiana, yamesimama kama kuta. Meli iliyojaa saruji haina nafasi ya kupumua kati ya wimbi na wimbi.

Haya yote niliyajua! Nilikuwa nimeyasoma kwenye ripoti zao mara nyingi. Ningeyajua hata usingizini.

Lakini Januari ile ripoti zilifanana. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu: upepo wa wastani, mawimbi mita moja na nusu, anga safi. Nikachoka kusema maneno yale yale. Nikaanza ujanja. Nikawa najirekodi za siku mbili kwa mpigo, nabadilisha jina la siku tu. Ripoti ikija naiangalia mstari wa kwanza, nafunga. Hakuna aliyegundua. Uvivu ukishakubaliwa mara moja, ndugu yangu, unajiona una haki!

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na safari ya Buyangu na marafiki wa kwaya, kutembea msituni na kupanda kilima cha huko. Asubuhi nikatuma rekodi niliyoitengeneza Jumatano. Ripoti mpya ilikuwa imeingia. Sikuifungua.

Nikiwa nafunga viatu, Barasa akaandika: "Dada, tumepakia tayari. Nahodha anauriza, tutoke?"

Nikabonyeza nikasema kwa sauti, nikicheka: "Tokeni tu, kaka! Bahari ni shwari!"

Sekunde tatu. Hata nne hazikufika.

Msituni hakuna mtandao. Tuliimba, tukapiga picha, anga lilikuwa limetakata hata nikasema leo Mungu anatupenda. Saa kumi tukiwa tunarudi, simu ikaanza kutetemeka kwenye begi na haikunyamaza. Bosi wangu alikuwa ameandika mara tisa. "Umeona onyo?" "Rekodi yako ni ya lini?" "Jibu!"

Nikafungua ripoti pale barabarani, nimesimama. Onyo lilikuwa chini, mstari wa mwisho: upepo kuongezeka ghafla kuanzia mchana, mawimbi mita nne, vyombo vidogo visitoke bandarini.



Nikampigia Barasa. Haipatikani. Nikapiga tena, tena. Haipatikani!

Sasa ungamo la kweli ndilo hili. Kosa la kwanza lilikuwa la uvivu. La pili nilifanya macho yangu yakiona. Niliifuta ile rekodi ya asubuhi kwenye kikundi. Nikarekodi nyingine yenye onyo, nikaituma, kisha nikamwandikia bosi kwamba ile ya kwanza nilifuta kwa sababu ilikuwa inakwaruza, na hii nilituma asubuhi ile ile, ila mtandao wa huku ukaichelewesha kumfikia yeye. Akaamini. Huku bara mtandao unasumbua, kila mtu anajua.

Kesho yake akanipigia. "Meli imerudi, imeinama upande mmoja. Mizigo ilihama. Watu tisa wako salama." Kisha akasema: "Mpishi hayuko."

Alitoka kwenye jiko lake kwenda kusaidia kufunga mapipa ya mafuta, wimbi likapanda juu ya meli likamchukua. Walizunguka kumtafuta mpaka wao wenyewe wakakaribia kuzama.

Simu yake ilikwenda naye. Na jibu langu la sekunde tatu likaenda nayo. Mungu wangu, nisamehe: nilishukuru!

Mwili haukupatikana. Kwao Butali walifanya tunavyofanyanga mtu akipotelea mahali pasipojulikana: walikata mgomba, wakauvika shati lake, wakaulaza kwenye jeneza. Nilikwenda. Sijui nilifuata nini. Nilimwona mama yake ameshika lile jeneza akiliita jina la mtoto wake, na ndani ni mgomba!

Nahodha naye alikuja, safari yote ile kutoka Pwani. Alikaa mwisho wa benchi, kofia mkononi. Hakuna aliyemsalimia, kwa sababu ofisi ilikuwa imesema onyo lilitumwa asubuhi na yeye akalipuuza. Chai ilipopita, mama mwenyewe alimwambia msichana aliyekuwa anagawa, kwa sauti ya kusikika: "Huyo usimpe. Aliambiwa kuna upepo, akampeleka mtoto wangu."  Mzee aliinamisha kichwa.

Nilipoitwa mbele pamoja na wenzangu wa kwaya niliokuja nao, ili niongoze maombi, nilisema sentensi moja tu: "Tuinamishe vichwa vyetu." Nikafungua macho. Nahodha alikuwa amenyanyua chake, ananitazama mimi.

Baada ya maziko alinifuata kwenye njia ya miwa.

"Binti, mimi sura yako siijui. Lakini sauti hiyo naijua. Nimeisikiliza kila asubuhi miaka miwili."

Niligeuza uso kwenye miwa.

"Ulisema shwari. Mpishi aliniwekea simu sikioni, nikasikia unacheka. Ofisini wananiambia nimezeeka, nasikia vitu. Waambie tu nilichosikia. Sitaki kingine."

Nikamwambia, "Mzee, umenifananisha."

Alivaa kofia yake. Kisha akasema, "Haya, mwanangu," akaondoka taratibu kuelekea barabarani.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nikikohoa naisikia ile sauti iliyosema shwari. Nikisalimia jirani naisikia. Kwaya niliacha, wakadhani nina vidonda vya koo. Nikasikia nahodha amenyimwa chombo, hakuna mwenye meli anayemtaka. Miezi mitano nilijua, na miezi mitano nilinyamaza!

Mwisho nilirudi Butali. Mama Barasa nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti pale kwenye maganda nikamwambia yote: rekodi, kicheko, kufuta, kumkana mzee. Nilitegemea anipige. Ningefurahi angenipiga.

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha mkononi. Kisha akauliza, "Yule mzee, alirudi kwao na njaa?"

Nikasema, "Sijui, mama."

"Nilimnyima chai kwa ajiri yako." Akainuka. "Nenda umtafute. Kwangu usirudi mpaka yeye ajue ya kwamba najua."

Niliiandikia ofisi barua, nikaeleza kila kitu. Kazi iliisha siku hiyo hiyo, na ni haki. Kisha nikampigia nahodha. Nilimsomea ile barua neno kwa neno, na maneno ya mama Barasa pia.  Alichosema ni hiki: "Nimekusikia, binti." Akakata. Nilipopiga tena hakushika. Sijui kama amerudi baharini au la, na Butali bado sijapata ujasiri wa kurudi.

Wewe unayesoma, labda hushughuliki na bahari. Labda unasoma kipimo cha dawa, labda unakagua breki, labda unaambiwa tu, "Angalia kama ni sawa." Usiseme ni sawa kabla hujaangalia! Na ukikosea, piga kelele saa hiyo hiyo, hata kama utaaibika, hata kama utafukuzwa. Aibu unaweza kuishi nayo. Mimi nilificha, nikamzika mtu mmoja kwa mgomba na mwingine akiwa hai.

Disemba imefika tena. Huko kaskazini baridi imeanza, na upepo uko njiani unashuka. Najua kuna mtu alipewa ile kazi yangu. Simjui, hanijui. Kama ni wewe, nakuomba kwa jina la Mungu: leo asubuhi fungua ripoti, usome mpaka chini.