Desa Yuko kwa Dada Yake

Marehemu wa kijiji chetu karibu wote wana bega la mtu mwingine. Picha za tanzia hukatwa kutoka picha za arusi, na arusini sisi hukaa tumebanana. Karatasi yenyewe ni ya kawaida: fremu nyeusi, msalaba juu, picha, miaka miwili chini yake, wa kuzaliwa na wa kufa, kisha majina ya wafiwa kwa mpangilio ambao umewahi kuvunja undugu. Hubandikwa ubaoni kando ya kanisa, mlangoni mwa duka, kituoni pa basi na gatini panaposhushwa chaza. Ikishabandikwa, hakuna mkono wa mtu unaoibandua. Mvua itaibandua, au bura, ule upepo wetu wa mlimani usiomheshimu yeyote. Kuna watu waliokufa mwanzoni mwa kiangazi kikavu wakabaki ukutani hadi Novemba, wakitutazama tukinunua mkate.

Desa wa Baldo hakuwa na bega la mtu. Yeye alikuwa na picha ya peke yake, ya rangi, iliyopigwa na mpiga picha wa mjini: ameinua mfuniko wa peka, kile chombo chetu cha chuma cha kupikia makaani, kwa koleo, moshi umemzunguka, anacheka mdomo wazi. Ilipigwa kwa ajili ya biashara. Mumewe, Baldo Kmetić, alikuwa fundi wa mitambo melini miaka thelathini na moja, na alipostaafu aligundua kwamba nchi kavu ina saa nyingi mno. Akanunua gari jeusi la viti sita, akaanza kuwachukua wageni bandarini Dubrovnik saa mbili asubuhi na kuwarudisha saa nane mchana. Barabara ya pwani, kuta za kale za mji wa Ston, mashamba ya chumvi, chaza za kufunguliwa papo hapo gatini, na mwisho chakula nyumbani kwa Desa na Baldo: pweza na viazi chini ya ule mfuniko wa chuma, makaa juu, makaa pembeni. Kwenye ukurasa wa intaneti wa wakala wa utalii aliyemletea wageni, picha ya Desa ilikuwa ya kwanza, kabla ya bahari.

Desa alikufa tarehe tisa Oktoba, msimu ukielekea mwisho. Moyo. Alikuwa anaanua nguo. Tanzia yake ilibandikwa, mvua ikaja siku ya nne, na kufikia Noeli kijiji kilikuwa kimemaliza kumlilia. Si kwa ubaya. Tuna wafu wengi kuliko walio hai, inabidi kupeana zamu.

Aprili wageni wakarudi. Wale wa kwanza, mzee na mkewe kutoka Lyon, waliketi mezani, wakatazama huku na huku, wakauliza: mama mwenye nyumba yuko wapi? Baldo alikuwa ameandaa jibu lake majira yote ya baridi, jibu fupi na la kweli. Kilichomtoka mdomoni ni:

"Yuko kwa dada yake."

Kumbuka kwamba dada yake Desa, Luce, anaishi nyumba sita kutoka hapo, na ndiye aliyempika pweza huyo. Baldo hawezi kuwa njiani na wageni na papo hapo kuwa jikoni akigeuza makaa, kwa hiyo saa tano Luce huingia kwa mlango wa nyuma, huweka sufuria motoni, hufunika, na gari likisikika kwenye kona huondoka. Alikuwa akipika pamoja na dada yake tangu mwanzo. Sasa alikuwa anapika kwa niaba yake.

"Mimi niunguzwe na makaa, sifa apate marehemu," alisema mara moja. "Na sahani yangu nikaile kwangu peke yangu kama mwizi."

"Ukikaa watauliza wewe ni nani."

"Waambie mimi ndiye dada."

"Basi watauliza Desa yuko kwa dada gani."

Luce aliinua sahani yake. Ni mwanamke asiyemeza neno, lakini siku hiyo alimeza.

Uongo huo haukumdhuru mtu, na ungeweza kuishia hapo kama wageni wangekuwa watu wasiouliza. Lakini mgeni aliyeshiba ni mdadisi. Dada anaishi wapi? Desa anapenda nini? Nani alimfundisha kupika? Kijijini hakuna aliyekuwa akiuliza tena. Sisi tulikuwa tunajua majibu yote na, juu ya hayo, tulikuwa tunajua mwisho. Mezani pa Baldo, mara mbili kwa wiki, kulikuwa na watu waliomwulizia Desa kama mtu atakayerudi na basi la jioni. Basi akawajibu, hata gari likawa linachelewa kurudi bandarini. Mei Desa alianza kujifunza kuogelea, katika umri wake. Julai aligombana na padri kuhusu spika za kanisani. Agosti aliamua kutopika tena na kitunguu saumu, Mungu anajua kwa nini. Tangu Aprili hadi Septemba Desa aliishi maisha mengi kuliko miaka kumi aliyoishi nasi kabla ya kufa, na ukisimama kwenye uzio wao, kama nilivyosimama mimi nikijifanya napogoa mzabibu, ungesikia Baldo akilalamika juu ya mkewe kwa furaha ambayo wanaume wenye wake hai, waliokwisha kuwazoea, hawanayo.

Kisha ikafika Oktoba. Jioni ya tarehe nane Luce alipita uani kwa Baldo na bahasha ya kaki.

"Shemeji, kesho ni mwaka."

"Najua."

"Nimeshachapisha. Nane."

"Nane za nini? Desa mwenyewe hakuwa akiwapenda watu wanane."

"Ndiyo maana wanahitaji kukumbushwa."

Baldo aliifungua bahasha. Fremu nyeusi, msalaba, maneno ya kumbukumbu, jina lake yeye la kwanza kati ya wafiwa. Katikati Desa anacheka ndani ya moshi.

"Picha hii?"

"Ulitaka ipi? Ya kitambulisho, amefumba jicho moja?"

"Luce, kesho nina wageni."

"Wageni wako hawasomi lugha yetu."

"Wana macho."

"Wapitishe barabara ya juu."

"Barabara ya juu haina chaza."

Luce alichukua bahasha yake. "Baldo, sikiliza. Nimenyamaza toka Aprili. Nimepika, nimekimbia kupitia uchochoroni na aproni yangu, majirani wote wananicheka. Lakini dada yangu simnyimi mwaka wake kwa sababu ya Wabelgiji."

Wabelgiji walikuwa wawili, Wim na Griet, wote wamestaafu. Wim alikuwa mtu mwema anayepiga picha kila kitu ambacho hakikumkimbia. Griet alivaa kofia na kusema kidogo. Baldo aliwachukua bandarini akiwa amekwisha kupanga vita yake. Ubao wa kanisa aliupita kwa kuwaonyesha upande wa pili wa barabara, ambako hakuna kitu; Wim alipiga picha ya hicho. Dukani hakusimama. Gatini ndiko kulikokuwa na kazi, maana karatasi ilikuwa kwenye ukuta wa kibanda, kimo cha uso, na gati halina mahali pengine pa kusimama. Angeweza kuibandua. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Agosti, na mkono ulikuwa wake, na mke alikuwa wake. Hakuibandua. Aliiegemea. Kwa dakika ishirini na tano wageni walikula chaza na limau wakitazama mashua, na Baldo akasimama na sahani mkononi, mgongo wake ukiwa umemfunika mkewe, kichwa chake kimegota kwenye ubao. Muuza chaza alimtazama, akafungua chaza moja zaidi bila kuombwa, akampa.

Kituo cha basi alikipita kwa mwendo wa kilomita themanini, na akapumua.

Mezani mambo yalikwenda vizuri. Pweza alikuwa laini, divai ilikuwa ya kwake mwenyewe. Griet aliuliza swali lake.

"Yuko kwa dada yake," alisema Baldo. "Leo hasa alitaka kubaki, lakini dada anaumwa mgongo."

"Pole yake. Na viazi hivi, nani kavikata? Vinene namna hii?"

"Ni yeye. Sharti lake. Ukivikata vyembamba anakuambia nenda kale hotelini."

Griet alicheka. Baldo akamwongezea kipande cha pweza, chenye rangi, cha chini ya sufuria, ambacho kwa desturi mwenye nyumba hujiwekea. Wim wakati huo alikuwa anapitia picha za asubuhi kwenye simu, akizifuta zile mbovu. Akasimama kwenye moja.

"Kumbe mama ni mtu mkubwa!" Akageuza simu. "Nimempita njiani. Kituo cha basi. Ni yeye yule wa kwenye ukurasa, si ndiyo? Anagombea?"

Picha ilikuwa imetikisika, imepigwa kupitia dirisha la gari linalokimbia. Kioo kilikuwa kimeakisi mkono wa Wim. Lakini kicheko kilionekana vizuri.

Baldo aliitazama. Alichukua chupa, akajaza glasi ya Wim hadi juu, kazi iliyochukua muda.

"Udiwani," alisema.

"Atashinda?"

"Hana mpinzani."

"Basi tumnywee," alisema Wim, akainua glasi. Baldo akainua ya kwake. Griet alikuwa ameshika simu. Ametoka mji wenye makanisa mengi. Msalaba na miaka miwili hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Aliiweka simu mezani, uso chini.

"Wim," alisema, "kula, kinapoa."

Njia nzima hadi bandarini Griet aliishika kofia yake mapajani. Wim alipokwenda kutafuta kijia cha kupandia meli, yeye alibaki kando ya mlango wa gari.

"Ni lini?"

"Leo imetimia mwaka."

Griet aliitikia kwa kichwa. Baldo alikuwa anatazama magurudumu ya gari kama vile mojawapo limepungua upepo.

"Viazi vilikuwa vinene sawasawa," alisema Griet. "Nisimwambie mume wangu?"

"Usimwambie. Keshamnywea ushindi."

Nadhani Griet alijitahidi kuitunza siri. Lakini safari ya meli ni ndefu na ndoa ina vyumba vidogo. Siku ya kumi Wim, ambaye ni mtu mwema na huandika maoni kuhusu kila huduma aliyoilipia, aliandika. Nyota tano. Chaza mbichi kabisa. Dereva makini. "Mwenyeji ni mgane anayemzungumzia mkewe kama yu hai. Inagusa sana. Tunapendekeza."

Dražena, mwenye ule uwakala, alipiga simu asubuhi yake.

"Mjomba Baldo, umesoma?"

"Nimesoma."

"Watu wananiandikia. Wanauliza kama yule mama wa kwenye picha ndiye aliyekufa. Wawili wamefuta. Mmoja anataka kuja kwa sababu hiyo, lakini huyo simtaki mimi."

"Ulijua tangu lini?"

"Mjomba, nilikuja mazikoni. Nilileta shada. Ulinishika mkono ukaniambia nisikanyage tope. Nilidhani utaniambia mwenyewe niitoe. Hukusema. Nami picha ilikuwa inauza, sikuuliza. Sasa itabidi."

"Na chakula?"

"Chakula kinabaki. Natafuta picha nyingine tu. Shemeji yako je? Wanafanana, na mpishi ni yeye."

Luce, alipoulizwa, alisema yuko tayari iwapo atatengeneza nywele kwanza. Ilikuwa imepita mwaka tangu aketi kwenye meza ile na wageni. Baldo alisema hapana. Hakusema kwa hasira. Alisema pweza atatosha, na Luce akakunja aproni yake taratibu, akaiweka juu ya kiti badala ya kuondoka nayo. Hakuna aliyemlazimisha kutoka tena kwa mlango wa nyuma, na bado saa sita siku ile iliyofuata, gari liliposikika kwenye kona, alitoka kwa mlango huohuo. Labda mazoea. Mimi nilimwona kutoka kwenye mzabibu na sikumwuliza.

Safari hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya msimu: walimu wawili wa kike kutoka Graz, wachangamfu, wenye viatu vizuri vya kutembelea. Usiku uliotangulia Baldo alikuwa ameandaa jibu. Lilikuwa lile la majira ya baridi, fupi na la kweli, na safari hii alilisema kwa sauti mbele ya kioo cha kunyolea hadi likawa linatoka bila kukwama. Picha ya Desa haikuwapo tena kwenye ukurasa. Jina lake Dražena alilitoa pia, kwa heshima. Chakula cha mchana sasa kiliitwa chakula cha kienyeji.

Waliketi. Waliusifu mtini. Mmoja aliuliza kama pweza huyu aligandishwa kwanza.

"Aligandishwa," alisema Baldo. "Bila hivyo hatafuniki."

"Na viazi ni vya hapa?"

"Vya hapa."

Walikula. Mwenzake aliuliza choo kiko wapi, akaelekezwa, akarudi, akauliza neno la siri la intaneti. Baldo aliwajazia divai mara ya pili. Kulikuwa na ukimya mmoja mrefu, wa watu walioshiba, na ndani yake angeweza kuingiza sentensi yoyote. Aliegemea mbele, mikono juu ya meza, kama mtu aliyeona mgeni wake anakaribia kufungua mdomo. Mwalimu wa kwanza alifungua mdomo. Akapiga mwayo, akaomba radhi, akasema ni jua.

Saa saba na nusu walikuwa bandarini. Jioni Dražena alimtumia ujumbe wa kumshukuru kwa msimu mzuri, na kumpongeza kwamba safari ya mwisho, kwa mara ya kwanza mwaka huu, haikuchelewa.