Maji Niliyommwagia Veronika

Nilianza kazi ya usakristia siku ya Jumamosi, mwaka uliofuata baada ya kumaliza darasa la saba. Kigango chetu kiko milimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Mkuyuni. Kigango ni kanisa dogo lisilo na padre wake. Baba Paroko huja mara moja kwa mwezi, na Jumapili nyingine Katekista ndiye anayeongoza ibada. Nimefanya kazi hiyo miaka saba. Sasa nimeiacha kwa sababu nimeolewa Ngerengere, na binti aliyepokea ufunguo ameniomba nimwandikie namna tulivyokuwa tukifanya. Naandika polepole. Kusema kunanishinda zaidi.

Siku ile ya kwanza Katekista alinipokea kwenye mlango wa sakristia, chumba cha nyuma ya altare, ile meza ya ibada.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba. Umesema au umepumua?"

Akanionyesha kazi. Kitambaa cha kufutia kalisi, yaani kikombe cha divai, hakifuliwi pamoja na nguo nyingine. Kinaloweshwa kwanza kwenye bakuli lake, na maji yale hayamwagwi chooni wala njiani. Yanamwagwa kwenye udongo safi nyuma ya ukuta, mahali pasipokanyagwa na mtu. Hostia, vile vimkate vya Ekaristi, zinawekwa pakavu, maana huku kwetu ukungu unaingia hata kabatini. Mavazi ya padre yanapangwa kwa rangi za majira ya Kanisa. Nilizipenda kazi hizo kwa sababu ni za mikono.

Lakini sikuwa na raha nazo. Nikiwa shambani napalilia mananasi, nilikuwa nasimama ghafla. Je, nimefunga tabernakulo, lile sanduku la Ekaristi? Naacha jembe, napanda mpaka kanisani, nakuta imefungwa. Kesho yake napanda tena. Mama alisema viatu vyangu vinaisha zaidi kwa Mungu kuliko shambani.

Mwenyekiti wa kigango alitaka nisome masomo Jumapili. Nilisoma mara moja. Baada ya ibada aliniita pembeni, akasema kwa upole, "Binti, Mungu amesikia. Ila benchi la pili halijasikia kitu." Sikupangiwa tena.

Mwaka wangu wa tano, Katekista aliitwa semina Morogoro kwa siku tatu. Kabla ya kuondoka alinifundisha ubatizo wa hatari. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padre hayupo, mtu yeyote anaweza kubatiza. Unamwaga maji kwenye kichwa, na wakati maji yanatiririka unasema, "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Useme kwa mdomo," alisisitiza. "Siyo moyoni."

Niliitika. Nilimwomba Mungu siku tatu zile zipite salama.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, nilikuwa napiga pasi kitambaa cha altare. Bibi mmoja wa jirani akaja anahema. Mkwe wake, Mama Deo, amejifungua nyumbani kabla ya siku zake, na mtoto anapumua kwa shida.

"Twende, wewe ndiye mtu wa kanisa uliyepo."

"Bibi, mimi ni wa kufua vitambaa tu."

"Basi njoo na mikono hiyo hiyo ya kufulia."

Tulikuta pikipiki ya kuwapeleka hospitali inaunguruma mlangoni. Mama Deo alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umegeukia ukutani. Mtoto alikuwa mdogo, rangi yake siyo nzuri. Bibi alinipa kikombe cha maji, akasema anaitwa Veronika. Nilimwaga mara tatu. Hilo nina hakika nalo. Maji yalipita kwenye paji la uso, yakaingia kwenye kanga. Kisha wakamchukua, pikipiki ikaondoka, na mimi nikabaki nimeshika kikombe.

Hapo ndipo nilipojiuliza kama nilisema.

Maneno nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio wake. Ila sikumbuki kuyasikia.

Veronika alipona. Akarudi baada ya wiki tatu, ananyonya vizuri. Watu walinishika mikono njiani. Katekista alirudi akanisifu mbele ya jumuiya, akaandika jina la mtoto kwenye daftari lake. Nilitabasamu. Kila Jumapili nilipanga altare nikimsikia mtoto yule akilia nyuma. Nikisema, nitamuumiza mama yake. Nikinyamaza, na ikawa sikubatiza, je? Nilinyamaza siku arobaini.

Kisha Baba Paroko akaja kukamilisha ibada, yaani kumpaka mtoto mafuta matakatifu. Alituita sakristia mimi, bibi, Katekista na Mama Deo.

"Nani alibatiza?"

"Huyu hapa," alisema bibi.

"Ulisikia maneno yake, bibi?"

"Niliona midomo ikicheza."

"Sijauliza midomo. Ulisikia?"

"Baba, huyu hata akikusalimia unaona midomo tu."

Katekista alicheka. Paroko akanitazama. "Ulisema kwa sauti?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu. "Sijui, Baba," nikajibu.

"Rudia."

"Sijui kama nilisema au niliwaza."

Mama Deo alinigeukia. "Siku zote hizi ulikuwa hujui? Nakusalimia, unanishikia mtoto, na hujui?"

Paroko alimtuliza. Akaeleza kwamba ubatizo haurudiwi, lakini ukiwa na mashaka upo ubatizo wa sharti. Alimwaga maji, akasema, "Kama hujabatizwa, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Akamaliza kwa mafuta, akaandika tarehe ya siku ile kwenye kitabu cha parokia.

Mama Deo hakunisemesha miezi mingi. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinisikiliza akimenya ndizi, kisha akasema, "Kutojua nilikusamehe siku ile ile. Hizo arobaini bado nazihesabu."

Basi binti, vitambaa utavizoea. Ukikosea, au ukiwa na shaka, shuka siku hiyo hiyo ukamwambie Katekista, hata kama sauti haitoki vizuri. Mimi mpaka leo nasali nikijiuliza kama nimesali, na nadhani nitazeeka hivyo.

Mwaka jana, Veronika alipotimiza mwaka, Mama Deo alipika pilau ya kukumbuka ubatizo wa mtoto, akatuma niitwe. Niliangalia kalenda ukutani kwake. Haikuwa tarehe aliyoandika Paroko. Ilikuwa siku ile ya pikipiki. Alinipa mtoto nimshike, akanipakulia.