Mama mkwe alisema "funga plagi", nikafunga ile siyo

Wakuu, salamu kwa wote. Leo najianika mwenyewe. Haya si ya kusimuliwa, yalinipata Lodwar mwishoni mwa 2012. Mke wangu ameketi hapa kando anasoma ninavyoandika, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni Mbukusu, karani wa serikali. Tulikuwa tunakaa Nawoitorong, hapo hapo Lodwar. Mradi fulani ulifunga ofisi, wakaniachia boti kuukuu ya faiba na injini yake ya kufunga nyuma. Bure kabisa. Nani anakataa cha bure?

Nikaiweka uani. Ziwa lenyewe liko mbali, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa gari. Mbuzi wa jirani wakaifanya kivuli. Jirani mwenyewe, mzee Ekal, kila akipita ananisalimu: "Ejok! Hii kitu yako itazaa lini?"

Kila weekend mimi na msasa. Leave yote ikaishia hapo. Nekesa, mke wangu, hakuwa na ndugu Lodwar wala rafiki, jua linamchoma, na bwana yuko chini ya boti. Akampigia mamake simu.

Mama mkwe akafika kutoka Port Victoria, amechoka na basi, na hakuja kutembea. Siku ya kwanza tu nikamsikia jikoni: "Wiki mbili zikiisha, tunarudi nyumbani sisi wawili."

Nikamwambia Nekesa, nipe hizo wiki mbili tu. Boti ikiingia majini, ubaki, na Jumapili zangu zote ni zako. Isipoingia, nitakubebea mizigo hadi stage mimi mwenyewe. Akakubali, nadhani kwa huruma.

Sasa sikieni shida. Mama amezaliwa kwenye ziwa la kule kwao, na marehemu mumewe alikuwa fundi wa boti. Pale kwangu ni mama tu aliyejua hiyo kazi. Na kwetu mtu na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai karibu, hata kuongea ana kwa ana ni noma. Kwa hivyo fundi wangu mkuu alikaa upande mmoja wa boti, mimi upande wa pili, Nekesa katikati anapitisha maneno.

"Mwambie huo ufa asiujaze kabla ya kuukwangua."

"Mama anasema ukwangue."

"Nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Mwambie kusikia si kukwangua."

Jioni natoka uani ndio yeye aingie kukagua. Nikirudi nakuta kila kosa langu limezungushiwa duara la makaa. Siku moja boti ilijaa maduara hadi nikakaa chini.

Kabureta ilikuwa imeoza. Nikaenda Kakuma, kwa mzee mmoja wa South Sudan anayeuza spea kule kambi ya wakimbizi. Akapekua gunia, akatoa moja, akaipuliza vumbi. "Mafi mushkila, hakuna shida, itaingia." Iliingia, lakini kwa nyundo.

Siku moja kabla ya mama kusafiri tukaipakia kwa pickup hadi Kalokol, kando ya ziwa. Nekesa akakataa kupanda bila mamake. Basi mama akakaa mbele, amenipa mgongo, Nekesa katikati, mimi kwa injini.

"Mwambie afunge plagi."

"Mama anasema ufunge plagi."

Nikachukua spana, nikakaza plagi za injini, zote mbili. Jamani, mtu wa Lodwar ukimwambia plagi anajua ni ile ya moto! Nani aliniambia boti ina tundu la kutolea maji kule chini nyuma, na kizibo chake pia kinaitwa plagi?

"Mama, amefunga."

Injini ikanguruma, wavuvi wakapiga makofi, nikajiona waziri. Tumeenda kidogo tu, nikasikia miguu imelowa. Nikadhani ni mawimbi.

"Maji!" Nekesa akapiga kelele.

Mama akageuka, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Plagi!"

"Nimekaza, Mama!"

"Ya chini, wewe mtu! Chini!"

Na lile ziwa lina mamba, wakuu. Niliogopa vibaya sana. Mama akamruka Nekesa akanifikia, tukapapasa lile tundu pamoja, mikono ikagongana ndani ya maji. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakisokota, akakisindilia. "Kalia hapo!" Nikakalia. Akashika injini mwenyewe, akatugeuza. Nekesa anachota maji na sufuria huku anacheka mpaka machozi. Tangu tuhamie Lodwar sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Ufuoni nikasema, "Mama, nisamehe. Nimekugusa."

Mama alikuwa anakamua kile kitambaa chake.

"Nekesa," akasema, "kesho nitasafiri peke yangu. Huyu ukimwacha, wiki ijayo tutaitwa matanga."

Nekesa akasema, "Hata hivyo, Mama, sikuwa nimekunja nguo hata moja ya safari."

Nilichojifunza: kama anayejua kazi ni mama mkwe, muulize mwenyewe, kwa heshima, plagi ni ipi. Usimfanye mkeo simu.

Wazee wa kwetu bado sijawaambia habari ya ile mikono. Wajuzi wa mila mlio humu, mkigusana chini ya maji mkizuia boti isizame, inahesabika? Nijibuni polepole, mama mkwe asisikie; siku hizi ananipigia simu moja kwa moja, hapitii kwa Nekesa.