“Amejitoa,” Alisema Komeo

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Mtaani wanamwita Komeo, na si kwa sababu ya kazi tu. Mwanamume akimsalimia dada yangu mara mbili kwa siku, Komeo ataacha kazi aje kuuliza salamu ya pili ilikuwa ya nini.

Dada ni msusi. Alipougua saratani ya titi na dawa za kawaida zikashindwa, aliingia kwenye majaribio ya dawa mpya, ambayo madaktari walikuwa bado wanatafuta kipimo chake. Komeo alimpeleka kila safari, akamshikia beseni, akamfulia. Hapo sina la kumlaumu.

Kisha hospitali ikaunda kamati ya wagonjwa, wawaeleze madaktari dawa inavyowaingia mwilini na maishani. Dada akachaguliwa. Katika kikao cha kwanza alisema kwamba ganzi ya vidole, iliyoandikwa kuwa madhara madogo, kwake maana yake ni kutosuka tena. Wakakubaliana kuwa kabla ya kipimo kupandishwa, mgonjwa aulizwe anaishi kwa kazi gani na yuko tayari kuvumilia nini. Alirudi nyumbani uso umemnawiri.

“Nani mwingine yumo?” Komeo akauliza.

“Mama mmoja muuza vitambaa, na kinyozi.”

“Kinyozi?”

“Anasema tumepotea njia. Msusi na kinyozi, chumba kizima hakuna mwenye nywele!” Dada akacheka mpaka akashika ubavu.

Komeo hakucheka. Jioni alinijia, mikono ina masizi.

“Shemeji, beseni nimeshika mimi. Nguo nimefua mimi. Kwangu anarudi kachoka, hata kunijibu hawezi. Kicheko anampelekea kinyozi.”

“Ni mgonjwa mwenzake tu.”

“Ndiyo hapo sasa! Mimi hata ugonjwa sina wa kushirikiana naye.”

Wivu ukamla kama kutu. Dada akisema tu “mjumbe mwenzangu,” Komeo anasonya. Siku moja simu ya dada iliita mwenyewe akiwa amelala. Komeo akaipokea. Alikuwa muuguzi wa majaribio, anauliza kama mgonjwa wao atakuja Jumatatu kama kawaida. Jumatatu ndiyo siku ya dripu, na ndiyo siku ya kikao. Komeo alikumbuka kikao tu.

“Amejitoa,” akasema.

“Amejitoa? Ameamua mwenyewe?”

“Mwenyewe. Msimsumbue.”

Kwa watu wa majaribio neno hilo lina maana moja: mgonjwa ameacha dawa.

Jumatatu tulifika hospitali watatu. Kitanda cha dada kilikuwa na mtu mwingine, na dawa yake haikuchanganywa.

“Mama, si ulijitoa?” muuguzi akashangaa.

“Mimi? Mimi nimejitolea, sijajitoa!”

“Mumeo ndiye aliyesema.”

Dada akageuka. Komeo alitazama viatu vyake. “Nilimaanisha kamati. Dawa sikuitaja.”

“Na hiyo kamati, nilikutuma?”

Daktari alisema kosa ni lao pia, kupokea neno la mtu mwingine. Lakini dripu isipoingia leo, dada anapoteza nafasi yake kwenye majaribio, na mchanganyaji dawa alikuwa na foleni ya kumfikisha jioni.

Mzee mmoja mwembamba, kichwa kinang’aa, akajikongoja kutoka kwenye benchi. “Mpeni zamu yangu. Daktari kaniambia yangu inaweza kusogea mpaka kesho.” Akamgeukia Komeo. “Wewe ndiye bwana wa msusi? Karibu sana.”

Ndiye kinyozi. Komeo alimpima juu mpaka chini, akatafuta la kumchukia, akakosa. “Asante,” akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa.

Dawa ilipokuwa inachanganywa, kamati ikakaa. Mlangoni tulimsikia dada akidai kwamba mgonjwa asiandikwe amejitoa mpaka atamke mwenyewe, na ajulikane anatoka wapi, kwenye dawa au kwenye kikao. Daktari akakubali. Kisha sauti ya kinyozi ikanong’ona jambo, na chumba kizima kikaangua kicheko, cha dada kikiwa juu ya vyote.

Komeo akanivuta shati. “Kasema nini?”

“Sikusikia.”

“Shemeji, wewe una masikio mazuri. Kasema nini?”