Bibi wa Kasugho katika Jarida la Chuo

Katika miaka ile nchi ilikuwa imekatwa vipande, na kipande chetu, kutoka Kanyabayonga hadi kupita Beni, kilikuwa mikononi mwa waasi. Barua za Kinshasa hazikufika. Maprofesa waliozoea kutua kwa ndege katika uwanja wetu wa Rughenda, wakafundisha wiki mbili na kuondoka, hawakuja tena. Chuo chetu cha Butembo kilibaki na walimu wachache waliokutwa na vita, na katika idara ya historia mmoja tu alikuwa na shahada ya udaktari: mtu wa mkoa mwingine, aliyetumwa kwetu na serikali ambayo sasa haikuweza hata kumwandikia. Huyo profesa alikuwa mkuu wa idara na mhariri wa jarida la chuo, ambalo sisi tuliliita revue. Mimi nilikuwa assistant wake, yaani mwalimu msaidizi, na kazi yangu ilikuwa kusahihisha.

Nilisahihisha kazi za mazoezi za wanafunzi, ambazo sote tuliziita TP. Kwa desturi yetu TP haikurudi kwa aliyeiandika. Alama zilibandikwa ukutani, na kazi zenyewe zilibaki kwa mwalimu hadi panya au wauza karanga wazipate. Profesa alipotangaza kwamba TP bora zingechapwa katika jarida, kwa majina ya wenyewe, nilifurahi kama mtu aliyesikia kwamba shamba lake litapata mvua. Nikaanza kuandika kwa wino mwekundu, juu ya jalada la kila kazi niliyoiona bora: Inafaa kuchapwa. Naomba msomaji azingatie kwamba niliandika juu ya jalada, penye jina la mwanafunzi, na maneno hayo sikuyaandika mahali pengine popote.

Kati ya kazi hizo moja ilikuwa ya binti aliyetoka kijiji cha Kasugho. Ilieleza jinsi watu wa kwao walivyokimbilia msituni wakati wa uasi uliofuata uhuru, na jinsi waliporudi walivyokuta mipaka ya mashamba imemezwa na magugu. Wanaume walibishana. Wanawake ndio walioipata mipaka, kwa sababu kila mmoja alikumbuka mahali alipokuwa akitua kikapu chake ili kupumzisha shingo, na mahali pa kutua kikapu palikuwa daima pembeni, shamba lilipoishia. Bibi yake mzaa mama alimtembeza kutoka kituo hadi kituo, naye akaandika. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha sikuwa nimesoma jambo jipya kama hilo. Nilimpa alama ya juu kabisa, nikaandika maneno yangu mekundu, nikampelekea profesa.

Mwaka uliofuata nilitumwa Beni kuchukua jarida kwa mchapaji. Mimi husoma kila kitu kabla ya kukitia sahihi, kwa hiyo niliketi juu ya boksi na kufungua nakala ya kwanza. Wino ulikuwa haujakauka, ukinuka mafuta ya taa. Makala ya kwanza ilikuwa ya profesa. Utangulizi ulikuwa wake, mrefu na mtupu. Baada yake vikaanza vikapu. Sentensi zilikuwa za binti yule, pamoja na marekebisho yangu ya kando, ambayo sasa yalikaa ndani ya aya kana kwamba yamezaliwa humo. Nikafika ukurasa ambao profesa, mtu asiyejua neno la Kinande, lugha ya kwetu, mzaliwa wa ng’ambo nyingine ya nchi, anamshukuru kwa maandishi "bibi yetu mzaa mama, mkulima wa Kasugho."

Profesa hakuwa ameisoma kazi yenyewe. Alichana jalada lenye jina, akaongeza utangulizi, akampa mpiga chapa. Ulaji wenyewe ulinichukiza, lakini kilichonichukiza zaidi ni kwamba alikula bila hata kutafuna.

Kwenye kizuizi cha barabarani, tukirudi, askari alipiga boksi kwa buti.

"Papa, iko nini mule?"

"Vitabu vya chuo."

"Vitabu!" Akamgeukia mwenzake. "Vita iko inakula batu, bao beko nafanya vitabu. Pita, papa. Hii hapana faa hata kuwashia moto, iko mubichi."

Siku ile niliona anasema kweli.

Nilimkuta profesa mezani kwake, anakula kuku. Alipokea nakala, akalamba kidole gumba chenye mafuta na kufungua kurasa moja baada ya nyingine, akiacha doa juu ya kila moja. Nilimwambia nilichokisoma.

"Mon cher," alisema bila kuinua kichwa, "TP ni ya nani? Swali, nani alilitoa? Mimi. Nani alisahihisha? Wewe, assistant wangu. Donc, ya nani?"

"Na yule bibi, Profesa?"

"Bibi gani?"

Nilimwonyesha mstari. Aliutazama, kisha akacheka hadi akakohoa. "Ah, dactylo, huyu mpiga chapa, ameniua! Mais nani atasoma, kweli? Wewe peke yako unasomaka revue yetu."

Alikosea. Alikuwa na msomaji mwingine.

Binti wa Kasugho alikuwa ameijenga kazi yake ya mwisho, ile ambayo bila kuitetea hapati shahada, juu ya TP ile ile. Hakuwa na jingine la kujengea, kwa maana bibi yake alikuwa amekwisha kufa, na njia ya Kasugho ilikuwa imefungwa na watu wenye silaha. Aliponisimamisha uani na nakala ya jarida mkononi, hakulia. Aliuliza tu:

"Assistant, bibi wangu amekuwa bibi wa Profesa tangu lini?"

Nilimwahidi kwamba nitasema mbele ya jopo la watahini, ambalo nami nilikuwa mmoja wao. Nilitamka ahadi hiyo kwa sauti, na mashahidi walikuwepo.

Siku ya utetezi profesa hakuhudhuria. Alituma ujumbe kwamba anaumwa. Rais wa jopo, mwalimu mzee wa sheria, aliinua kazi ya binti kwa mkono mmoja na jarida kwa mkono wa pili.

"Mademoiselle, haya maneno ulitoa wapi?"

"Kwa bibi wangu, Monsieur le Président."

"Bibi wako anaandikaka mu revue?"

Ukumbi ulicheka. Shangazi zake, waliokuja na vitenge vyao vya misa, walicheka pia kwa adabu, wakidhani ni sifa.

Tulipojitenga kuamua, nilisema. Nilisoma mstari wa bibi kwa sauti. Niliwauliza: profesa, mtu wa mkoa mwingine, angempata wapi bibi mzaa mama Kasugho. Nilieleza kuhusu jalada na wino wangu. Rais wa jopo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani.

"Assistant, sisi wote tunaelewa. Sasa wewe uniambie: yeye akikasirika akaenda, idara iko na docteur gani? Tunafunga? Batoto mia moja barudi nyumbani sababu ya bibi moja?"

Nikalifunga jarida, na hapo ndipo ahadi yangu ilipoishia. Uamuzi ukapatikana haraka, kama yanavyopatikana maamuzi yote ya aibu: binti atapewa shahada, lakini kila mahali anapomnukuu bibi yake ataweka tanbihi inayomtaja profesa na ukurasa wa makala yake. Na kwa kuwa mimi nilijulikana kwa usahihi, nikakabidhiwa kusimamia tanbihi hizo.

Tulikaa siku mbili katika ofisi yangu. Alinisomea kila nukuu ya bibi yake, nami nikamtajia ukurasa. Palihitajika tanbihi kumi na tisa. Kwenye ile ya kumi na moja, ambapo bibi anasema alimzaa mama wa msichana huyu kando ya kituo cha kikapu, kalamu yake ilisimama, akanitazama. Nikamtajia ukurasa.

Alipata shahada kwa daraja la juu. Profesa alipandishwa cheo vita vilipokwisha, na makala ile ilihesabiwa katika faili lake. Binti alirudi Kasugho kufundisha shule ya msingi, wala hakuandika tena kwa ajili ya mtu yeyote. Mimi niliendelea kusahihisha TP, na tangu siku ile naandika jina la mwanafunzi kwa wino mwekundu juu ya kila karatasi ya kazi yake, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.