Tangu Bwawa Lianze Kufua Umeme

Umeme wa bwawa la Rufiji ulipotufikia hapa Lindi, nilishangilia kama wengine. Tulikuwa tumechoka. Umeme wa zamani ulikatika kila ulipojisikia, samaki wangu wakaharibika kwenye friji, nami nikabaki kulaani peke yangu jikoni. Nani angelilalamikia bwawa?

Lakini hakuna aliyeniambia kwamba giza lile ndilo lililokuwa likiniletea mtu. Umeme ukikatika, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa, alitoka na mkeka na birika la chai ya maziwa. Alitandika barazani kwangu, maana kwangu ndiko kwenye upepo. Tulikaa wawili, tukiwasema watu mpaka taa zirudi. Zikirudi mapema, yeye ndiye aliyenuna. Mume wangu alipofariki, baraza ile ndiyo iliyonishikilia.

Siku hizi taa hazizimiki. Yeye yuko ndani na tamthilia zake, mimi niko ndani na redio. Asubuhi tunapungiana mikono, basi. Wanangu wote wako Dar. Nimekuwa mpweke, na sioni haya kulisema.

Juzi, baada ya magharibi, nikafanya kituko. Niliteremsha swichi kubwa, nyumba nzima ikawa giza. Nikatandika mkeka barazani, nikaweka vikombe viwili. Akichungulia tu, nilijiambia, atakuja.

Akachungulia dirishani. Nilimwona. Mara simu yangu ikalia.

"Shoga, naona kwako giza. Umeme wa LUKU umekwisha?"

"Giza kwelikweli," nikamjibu. "Njoo tukae."

"Ukae gizani na mimi nipo? Namba ya mita yako ninayo tangu marehemu alipolazwa. Nakununulia sasa hivi. Wewe ingiza tu. Haya shoga, tamthilia imeanza."

Ujumbe wenye namba za umeme ukafika papo hapo. Ningemwambia nini? Kwamba umeme ninao tele? Nilikunja mkeka, nikarudisha vikombe kabatini, kisha nikaziingiza zile namba moja moja, kwa kuwa zilitolewa kwa moyo safi. Nikapandisha swichi. Taa zikawaka vyumba vyote, hata vya wanangu.

Yeye alikuwa bado dirishani, akiningojea. Alinipungia mkono kwa furaha, akashusha pazia.